Ziwa Likifungwa, Nani Anakufa?

Tarehe 15 Mei 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi. Nchi nne zinazolizunguka, yaani Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, zilikubaliana kwamba samaki waachwe wazaane kwa miezi mitatu, hadi 15 Agosti. Kwa Kipili, wilayani Nkasi, mkoani Rukwa, maana yake ilikuwa vipe, yaani vyombo vya kuvulia dagaa, kupandishwa mchangani, taa za sola kufungiwa stoo na chanja za dagaa kuachiwa kunguru. Hakuna kiwanda kilichofilisika wala benki iliyoanguka, lakini mtu aliyezoea kuingia ziwani jioni na kurudi alfajiri na chochote mkononi alikaa siku tisini na zaidi bila kazi. Wachumi huita hali ya namna hiyo mdororo. Mtaani tunasema vyuma vimekaza.

Swali ninalotaka lijadiliwe linaonekana la kipuuzi: vyuma vikikaza, watu hufa zaidi au hufa wachache? Nimekalisha sauti nne kwenye benchi la kibanda cha chai karibu na mwalo, alasiri moja ya Julai ya mwaka huo, ziwa likiwa limefungwa. Watu hawa nimewatunga mwenyewe, ndiyo maana nawaita kwa kazi zao. Tafiti na takwimu wanazozitaja sikuzitunga.

MVUVI: Nianze mimi, maana ndiye niliyesimamishwa. Mtu wa mjini mdororo anausikia redioni, mimi wangu una tarehe. Tajiri kaja mwaloni asubuhi, katuangalia, kasema vijana, ndiyo hivyo, tuonane Agosti. Basi. Hakuna barua, hakuna kiinua mgongo, hakuna mfuko wa hifadhi ya jamii. Na dukani nina deni la unga na deni la sabuni. Sasa mnaniuliza kama kukosa kazi kunaua? Njaa imemponya nani?

MUUGUZI MSTAAFU: Punguza munkari, mwanangu. Nikwambie siri ya wodi. Wodi ya majeruhi haijai siku za njaa, inajaa siku za pesa. Giza likiwa zuri na dagaa wametoka, Jumamosi usiku nilikuwa nashona mpaka uzi unaisha. Huyu kagongana na pikipiki, yule kapasuliwa chupa kichwani, mwingine kachomwa kisu kwa ajili ya mwanamke aliyekutana naye juzi. Halafu baada ya miezi wanakuja wale wa kupima damu, kimya kimya, mmoja mmoja. Mbalamwezi ikiingia, vipe vikipumzika, na mimi nilikuwa napata kunywa chai.

MVUVI: Kwa hiyo mama unataka tubaki maskini ili tuwe wazima?

MUUGUZI: Sijasema hivyo. Nimesema nilichokishona.

MWALIMU: Mama, ulichokishona kimeandikwa. Mwaka 2000 mchumi wa Marekani, Christopher Ruhm, alipitia takwimu za majimbo ya kwao kuanzia 1972 hadi 1991. Akakuta ukosefu wa ajira ukipanda kwa pointi moja, vifo kwa jumla vinashuka kwa karibu nusu asilimia. Ajali za magari zilipungua, magonjwa ya moyo yalipungua. Waliojiua ndio walioongezeka. Wenzake wawili, Granados na Diez Roux, wakarudi nyuma hadi ule Mdororo Mkuu wenyewe, watu wakipanga foleni ya supu. Umri wa kuishi nchini humo ulikuwa miaka 57 mwaka 1929. Mwaka 1933, hali ikiwa mbaya kabisa, ulikuwa umefika 63.

MVUVI: Wamarekani hao. Kwao hata aliyefukuzwa kazi ana gari.

MWALIMU: Sawa, ila sababu zake zipo hapa pia. Kazi nyingi huja na zamu ndefu, usingizi mfupi, mwendo kasi na pombe ya kujipongeza. Wewe mwenyewe, ziwa hili mwezi wa saba likoje?

MVUVI: Hapo umenipata. Upepo wa kusini unaanza Mei mpaka Septemba. Ukiamka saa nane za usiku, kipe kinarukaruka kama kifuniko cha sufuria. Miezi hii ya kufungwa nalala kitandani, na mke wangu hakeshi ufukweni akihesabu taa.

Hapa nakiri kwamba hoja ya Muuguzi inanivutia, na inanivutia kwa sababu inakera. Tumezoea kusema umaskini ni ugonjwa, tukaishia hapo. Kuambiwa kwamba mwezi wa pesa unaweza kujaza mochwari kuliko mwezi wa ukata kunamlazimisha mtu ahesabu badala ya kulalamika. Lakini hesabu ina mtego wake, na aliyeufumbua kwenye benchi letu ni Mvuvi.

MVUVI: Mwalimu, hiyo hesabu yako ni ya watu wote pamoja?

MWALIMU: Wote. Wenye kazi na wasio nayo.

MVUVI: Basi sikia. Kipe kimejaa, mawimbi yanaingia. Mmoja wetu akitupwa majini, kipe kinakuwa chepesi, sisi tuliobaki tunafika. Ukituuliza ufukweni hali ikoje, wengi tutakwambia shwari. Yule aliyetupwa humuulizi, hayupo.

MWALIMU: Umesema kitu ambacho kimewachukua wenzetu miaka kukisema. Mwaka 2009 Daniel Sullivan na Till von Wachter waliacha kuhesabu watu wote, wakawafuata wale waliotupwa. Ni wafanyakazi wa Pennsylvania waliokuwa na kazi za miaka mingi, viwanda vikawapunguza kwa mkupuo. Mara tu baada ya kupoteza kazi, hatari yao ya kufa ilipanda kwa kati ya asilimia 50 na 100. Miaka 20 baadaye ilikuwa bado juu. Aliyeachishwa akiwa na miaka 40, kwa makisio yao, alipoteza mwaka mmoja hadi mwaka na nusu wa maisha yake.

MUUGUZI: Kwa ugonjwa gani?

MWALIMU: Kwa kipato kilichoyumba na kisichotulia tena, walivyoona wao. Msongo, moyo, pombe.

MUUGUZI: Pombe! Mimi nilidhani mtu akikosa pesa anakosa na pombe.

MWALIMU: Inategemea pombe yenyewe, na inategemea kama kuna kesho. Urusi, dola ya Kisovieti ilipovunjika na viwanda vikasimama, mwanaume aliyekuwa akitarajiwa kuishi karibu miaka 64 mwaka 1990 alikuwa chini ya miaka 58 mwaka 1994. Vodka ilikuwa rahisi kuliko mkate wa matumaini. Hapa tuna komoni na tuna gongo, na gongo haisubiri mshahara.

MUUGUZI: Tofauti naiona. Huyu kijana wetu ana Agosti. Warusi wale hawakuwa na Agosti.

Neno hilo la Agosti linafaa kukaliwa kidogo, kwa sababu Kipili imeshaonja ukata wa aina zote mbili, ule wenye tarehe na ule usio nayo. Meli ya Liemba, iliyojengwa Ujerumani 1913, ikaunganishwa Kigoma, ikazamishwa vitani na kuibuliwa tena, ilikuwa ikisimama mbele ya Kipili na mitumbwi ikienda kuipokea majini. Abiria, magunia, mbuzi, masanduku ya soda, vyote vilipita juu ya bega la mtu, na bega lile lililipwa. Ilipoacha safari ikisubiri matengenezo, hakuna aliyewatangazia wapagazi wa mitumbwi kwamba wamepunguzwa kazi. Walikaa wakiangalia upeo wa maji wiki hii na ijayo.

Kuna pia wazee wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Reli, meli, posta na bandari zilikuwa za Afrika Mashariki nzima mpaka 1977 Jumuiya ilipovunjika. Mafao ya wafanyakazi wake yakageuka kesi na maandamano ya miongo mingi, na wazee wengi walizikwa wakiwa bado na faili kwapani. Cheti cha kifo hakina mahali pa kuandika kusubiri.

Ukata usio na tarehe ulionekana pia katika kijiji cha Marienthal, Austria, ambako kiwanda cha nguo kilifungwa 1929 na 1930. Watafiti Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel walichunguza maisha ya wanakijiji, wakafanya jambo ambalo mtu wa mwaloni angelifanya bila kusomea: walipima mwendo. Wanawake walitembea haraka, kwa kuwa kupika, kufua na kulea havikufungwa pamoja na kiwanda. Wanaume walitembea polepole, wakisimama njiani bila sababu. Vitabu maktabani viliazimwa nusu ya zamani ingawa ada ilifutwa. Muda ulikuwa tele, na mtu hakujua aufanyie nini.

Mama wa dagaa, ambaye muda wote huu alikuwa akichambua sado moja ya dagaa wa zamani, vichwa huku na mwili kule, ndipo akafungua mdomo.

MAMA WA DAGAA: Mmemaliza?

MWALIMU: Karibu, mama.

MAMA WA DAGAA: Nimewasikia. Wamarekani, Warusi, wazee wa meli. Wanaume watupu. Nani kawaambia kwamba ziwa likifungwa anayekufa ni mvuvi?

MVUVI: Dada, mimi ndiye niliyekosa kazi.

MAMA WA DAGAA: Wewe ulipanda juu kuvuna mahindi ya watu. Ulikula kwa tajiri wa shamba, asubuhi uji, mchana ugali na maharage. Mimi huku nilibaki na nini? Dagaa si kazi yako tu. Dagaa ndio mboga yangu, ndio ada, ndio nauli ya kwenda hospitalini Namanyere mtoto akizidiwa. Dagaa wangu hupanda Sumbawanga, mahindi hushuka Kipili. Ziwa likifungwa sado inapanda bei, halafu haipo kabisa. Huyu mwanangu wa mwisho nilimwachisha ziwa mwezi wa nne. Mwezi wa sita anakula ugali na majani, ugali na chumvi. Njooni mniulize kama vifo vimeshuka.

Kimya kikapita. Hata mimi niliyewatunga sikuwa na la kuwapa.

MUUGUZI: Huyu ndiye alipaswa kuanza. Nikuonyesheni kitu. Kuna utepe mdogo, unauzungusha kwenye mkono wa mtoto, katikati ya bega na kiwiko. Una kijani, njano na nyekundu. Mtoto wa njano halii, hana homa, anacheza. Mama yake atakwambia mzima. Halafu kinakuja kichomi kidogo, au kuharisha kwa siku mbili, na mwambao huu kuharisha tunakujua, kipindupindu si mgeni hapa. Mtoto wa kijani anaugua, anapona. Yule wa njano anaondoka. Kwenye kadi unaandika kichomi, unaandika kuharisha. Huwezi kuandika ziwa lilifungwa.

MWALIMU: Na takwimu zako zimekusubiri, mama. Mwaka 2011 Sarah Baird, Jed Friedman na Norbert Schady walikusanya habari za watoto milioni 1.7 waliozaliwa katika nchi 59 zinazoendelea. Pato la kila mtu likishuka kwa asilimia moja, vifo vya watoto wachanga vilipanda kati ya 0.24 na 0.40 kwa kila watoto 1,000 wanaozaliwa. Na wasichana waliumia zaidi kuliko wavulana.

MAMA WA DAGAA: Wasichana zaidi. Hilo hata bila vitabu.

MVUVI: Kwa hiyo Marekani uchumi ukianguka vifo vinashuka, kwetu vinapanda?

MWALIMU: Kwao mtoto ana kinga nyingi kati ya mshahara wa baba na sahani yake. Kwetu mshahara wa baba ndio sahani.

Mjadala ungeishia hapo kama Rukwa ingekuwa mkoa wa njaa. Siyo. Rukwa, pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma, ni ghala la taifa. Ukipanda kutoka ziwani, mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, mpaka Sumbawanga iliyo karibu na mita 1,800, unapita mahindi mpaka macho yanachoka. Hata hivyo utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2015 na 2016 ulikuta asilimia 56 ya watoto wa Rukwa walio chini ya miaka mitano wana udumavu, kiwango cha juu kuliko mkoa wowote nchini. Ule wa 2022 ulikuta karibu nusu, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 30. Mtoto anashiba na hakui. Mahindi yapo, kilichokosekana ni kile kinachowekwa pembeni ya ugali, na kwa mkoa huu chakula hicho kwa bei ya maskini ni dagaa. Hii ndiyo sababu nasema kulifunga ziwa si habari ya uvuvi peke yake.

Na mkulima naye ana mdororo wake. Katikati ya 2017 serikali ilipozuia mahindi kuvuka mpaka, magunia yalijaa ghalani na mifuko ya wenyewe ikakauka. Chakula kingi, pesa hakuna. Mwaka huo huo, mwezi wa nne, watumishi wa umma 9,932 waliondolewa kazini kwa vyeti vya kughushi, wakiwemo walimu na watumishi wa afya. Sitetei cheti cha kughushi. Nasema tu kwamba aliyeondoka zahanati hakuondoka peke yake, aliacha foleni nyuma yake.

MUUGUZI: Naongeza jingine, wala halipendezi. Mambo yakikaza, wazee wanaanza kuogopwa. Mtoto kafa, samaki hakuna, nani karoga? Bibi wa macho mekundu, aliyepikia kuni miaka 50.

MVUVI: Mama, huko tusifike.

MUUGUZI: Tufike. Sisi ndio watu wa Sumbawanga, na wenyewe wanasema jina hilo maana yake ni tupa uchawi.

MWALIMU: Limepimwa hilo pia, na limepimwa hapa hapa Tanzania. Edward Miguel alichunguza vijiji vya Meatu, wakati huo mkoa wa Shinyanga. Mwaka 2005 akachapisha matokeo: miaka ya ukame au mafuriko, mavuno yakiharibika, mauaji ya watu wanaodaiwa kuwa wachawi yalikuwa mara mbili ya miaka ya kawaida. Karibu wote waliouawa walikuwa wanawake wazee, na mara nyingi wauaji walikuwa ndugu zao wa nyumba moja.

MAMA WA DAGAA: Mdomo mmoja umepunguzwa mezani.

MWALIMU: Ndivyo alivyosoma yeye.

Nilitaka kuifuta sentensi hiyo ya Mama wa dagaa. Nimeiacha.

MVUVI: Sasa mimi nitawashangaza. Sipingi ziwa kufungwa. Nimeanza kuvua nikiwa kijana mdogo, naujua uzito wa wavu. Kuna usiku tulikuwa tunavuta maji na matumaini. Tusipopumzisha, ipo siku ziwa litatufunga lenyewe, na hapo hakuna Agosti. Ninachokataa ni kufungiwa mikono mitupu. Mtumishi wa serikali akikaa nyumbani mwezi mzima bado ana kadi ya bima mfukoni.

MWALIMU: Mpaka siku anapoachishwa. Bima ya taifa inakatwa asilimia tatu kwa mfanyakazi na tatu kwa mwajiri, inamhudumia yeye, mwenza na wategemezi wanne. Mchango ukikatika, na kadi imekufa.

MUUGUZI: Na mfuko wa afya ya jamii, CHF iliyoboreshwa? Shilingi 30,000 kwa mwaka, kaya ya watu sita.

MAMA WA DAGAA: Nani hutembea kukusanya elfu thelathini mwezi wa sita? Njooni mwezi wa pili, giza limekuwa zuri, pesa ipo. Mnakuja wakati tumekauka, halafu mnaandika kwamba watu wa mwambao hawana mwamko.

Wote wakacheka, Muuguzi zaidi ya wenzake, kwa sababu aliwahi kuandika hivyo.

Nitoe msimamo wangu, kwa kuwa mjadala usio na mwamuzi ni kelele za kibanda. Kwa mvuvi mzima wa miaka 30, naamini Muuguzi ana haki: miezi mitatu ya kulala kitandani wakati wa upepo wa kusini, akijua tarehe ya kurudi, inaweza kumwongezea siku kuliko kumpunguzia. Kwa mpagazi wa Liemba na mzee wa Jumuiya, ambao hawakupewa tarehe, haki iko kwa watafiti wa Pennsylvania. Lakini anayebeba gharama ya kweli ni yule aliyeachishwa ziwa la mama mwezi wa nne na kufungiwa ziwa la Mungu mwezi wa tano. Anayejumlisha vifo vyote vya Nkasi kwenye mstari mmoja anaweza kutuonyesha kupungua, na atakuwa hajasema uongo, kama vile waliofika na kipe chepesi.

Kwa hiyo sina ugomvi na waliolifunga ziwa. Nina ombi kwa halmashauri ya Nkasi na kwa wahudumu wa zahanati za mwambao, kuanzia Kirando mpaka Kipili. Ziwa likifungwa tena, uzeni bima kabla, Februari na Machi, pale pale mwaloni, siku ya mgao. Tengeni dagaa wakavu kwa ajili ya watoto wa chini ya miaka miwili, hata sado moja kwa kaya. Utepe mnao, mizani mnayo, kadi za kliniki zipo. Wapimeni watoto wa mwaloni wiki inayotangulia 15 Mei, muwapime tena 15 Agosti, kisha mbandike namba hizo mbili ukutani, jirani na tangazo la kufunga ziwa.